Bingwa Akipigwa na Mzee: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Bingwa mwenye nguvu zake akipigwa na bondia ambaye watu walishamhesabu amekwisha, Lubumbashi nzima inageuka mahakama. Kamalondo watakuambia jina lake limeharibika. Katuba watasema alipanda ulingoni akiwa mgonjwa. Kenya (komini yetu, si ile nchi ya Nairobi) watasema pambano liliuzwa. Maswali ni yale yale tangu enzi za Zaire, na kwa kuwa vijana huniuliza karibu kila jioni mazoezi yakiisha, nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Asiyekubaliana nami anajua klabu iko wapi.

Kwa kifupi: bingwa akipigwa na mpinzani mzee, jina lake linapungua?

Linapungua, ila si pale watu wanapodhani. Ushindi wa zamani hauendi popote, waliopigwa wameshapigwa. Kinachoondoka ni woga. Kuna mabingwa ambao nusu ya kazi yao hufanywa na sura yao kabla kengele haijalia, na mpinzani anapanda ulingoni akiwa ameshashindwa moyoni. Bingwa wa namna hiyo akiangushwa na mtu ambaye miguu imeshamchoka, mabondia wote wa uzito wake wanaona kwamba kumbe anapigika. Huyo hupoteza kingi. Bingwa aliyejengwa na ufundi, aliyezoea kushinda kwa pointi na kwa akili, hupoteza usiku mmoja tu.

Mzee katika ngumi ni nani hasa?

Usihesabu miaka peke yake. Hesabu miaka, raundi alizopigana, na vipigo alivyokula mazoezini ambavyo hakuna anayeviandika. Kinachotangulia kwenda ni miguu. Kisha macho na mwili huanza kupishana: bondia analiona konde linakuja, anajua la kufanya, lakini kichwa kinachelewa kuhama. Nguvu ya ngumi ndiyo ya mwisho kuondoka, na ndiyo sababu mzee mwenye konde zito ni wa kuogopwa mpaka siku anapovua glavu kwa hiari yake. Mabondia wa uzito mdogo huzeeka mapema kwa kuwa kazi yao inategemea kasi. Wa uzito wa juu huchelewa.

Kuna kitu kimoja mzee anacho ambacho kijana hana, nacho ni subira. Anajua kumshika mpinzani ili apumzike, anajua kukanyaga sehemu moja ya ulingo na kuifanya iwe yake, na hapotezi konde hata moja kwa ajili ya kufurahisha watu.

Kocha, mbona mnasema Muhammad Ali alikuwa mzee mwaka 1974, alipompiga bingwa George Foreman kule Kinshasa? Miaka 32 ni uzee?

Kwa wakati ule na kwa mwili ule, ndiyo. Alizaliwa Januari 1942. Mwaka 1967 alikataa kuingia jeshini, akanyang'anywa ubingwa, na hakupigana tena hadi Oktoba 1970. Miaka mitatu na nusu ya ubora wake ilikwenda hivyo. Aliporudi, ile miguu iliyokuwa inacheza raundi zote haikuwepo tena. Machi 1971 Joe Frazier alimshinda na kumwangusha. Machi 1973 Ken Norton alimshinda na kumvunja taya. Alilipiza kwa wote wawili, lakini kwa pointi, na kwa shida.

Foreman naye aliwafanya nini watu hao hao? Alimwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, Kingston, Januari 1973. Alimmaliza Norton katika raundi mbili vilevile, Caracas, Machi 1974. Piga hesabu mwenyewe. Wengi walioandika habari za ngumi hawakuwa wanauliza nani atashinda Kinshasa. Walikuwa wanauliza kama Ali atatoka mzima.

Sasa, Kinshasa ilimpunguza Foreman au haikumpunguza?

Hili ndilo swali lenyewe, na kwetu Kongo halijawahi kupoa.

Tuanze na yaliyotokea. Pambano lilipangwa Septemba 25, 1974. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likaahirishwa hadi Oktoba 30. Mobutu alitaka dunia iitazame Zaire, na kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, fedha ambazo hakuna bondia aliyekuwa amewahi kuziona. Kengele ililia kama saa kumi usiku kwa saa za Kinshasa ili Wamarekani watazame jioni yao. Hapa Lubumbashi, tulio mbele kwa saa moja, ilikuwa saa kumi na moja, wakati watu wa zamu ya asubuhi wanaamka. Uwanja ni ule uliokuwa ukiitwa 20 Mai, leo Tata Raphaël.

Foreman alikuwa na miaka 25. Mapambano 40, ushindi 40, 37 kati yake kwa KO, yaani mpinzani hakuweza kuendelea. Alishuka Kinshasa na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, na watu waliokuwa bado wanawakumbuka mbwa wa polisi wa Wabelgiji hawakuhitaji kuambiwa washangilie nani. Hilo nalo ni kosa la kocha, kwa maoni yangu: humwachi bondia wako akaingia nchi ya watu bila kujua mbwa yule anasema nini.

Ali alianza raundi ya kwanza kwa kushambulia, akimpiga kwa mkono wa kulia bila kutanguliza wa kushoto, jambo ambalo bondia hamfanyii mwenzake anayemheshimu. Kuanzia raundi ya pili akaegemea kamba, akafunika uso na mbavu, akamwacha Foreman apige. Joto la Kinshasa, unyevu, kamba zilizolegea, mikono mizito ya kijana asiyezoea kwenda mbali. Kila raundi Foreman alirusha makonde makubwa na kila raundi yalikuwa mapole kidogo kuliko ya raundi iliyotangulia. Mwishoni mwa raundi ya nane Ali akatoka kambani, akapiga ya kushoto na ya kulia, na Foreman akazunguka akianguka. Mwamuzi Zack Clayton akahesabu hadi kumi. Wakati huo Ali alikuwa anaongoza kwenye kadi za majaji wote watatu, kwa hiyo wanaosema ilikuwa bahati ya konde moja hawakutazama pambano.

Je, alipungua? Angalia miaka mitatu iliyofuata. Januari 1976 Ron Lyle alisimama mbele yake wakapigana uso kwa uso, akamwangusha Foreman mara mbili kabla yeye mwenyewe hajamalizwa raundi ya tano. Kabla ya Kinshasa, nani angethubutu kusimama hivyo? Machi 1977, San Juan, Jimmy Young, bondia asiye na konde la kutisha, alimchezea raundi 12, akamwangusha ya mwisho na kushinda kwa pointi. Foreman akaacha ngumi akawa mhubiri. Ushindi dhidi ya Frazier na Norton uliendelea kuwepo vitabuni. Woga ndio uliobaki Kinshasa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba alipungua, na kupungua huko ndiko kulikomfanya awe bondia. Yule wa 1973 alikuwa nyundo. Yule aliyerudi baadaye alikuwa na jabu, lile konde la haraka la mkono wa mbele, alikuwa na subira, na alijua kusimama pale alipotaka yeye.

Na yale madai ya maji yenye dawa na kamba zilizolegezwa?

Foreman aliyasema kwa miaka. Alisema maji aliyopewa yalikuwa na kitu, alisema kamba, alisema hesabu ilikwenda haraka. Baadaye akaacha, akakiri kwamba Ali alimshinda, na wakawa marafiki wa kweli. Machi 1997, filamu iliyotengenezwa kuhusu pambano lile ilipopata tuzo ya Oscar, Foreman ndiye aliyemsaidia Ali, aliyekuwa akitetemeka kwa maradhi, kupanda ngazi za jukwaa.

Visingizio humuumiza bingwa kuliko kipigo. Kipigo kinaonekana mara moja, kisingizio kinarudiwa katika kila mahojiano. Kinshasa joto liliwapiga wote wawili, na kamba walizotumia ni zile zile.

Michael Moorer, kijana aliyepigwa na Foreman huyo huyo akiwa babu: tumweke wapi?

Hapa ngumi ilifanya jambo ambalo mtunzi wa hadithi angeona haya kuliandika. Novemba 5, 1994, Las Vegas. Moorer alikuwa bingwa wa WBA na IBF (mashirika ya ngumi yanayotoa mikanda ya dunia), miaka 26, mapambano 35 bila kushindwa, na mwezi wa nne mwaka huo alikuwa amemshinda Evander Holyfield. Foreman alikuwa na miaka 45. Alirudi ulingoni mwaka 1987 akiwa mnene, watu wakamcheka. Mwaka 1991 alikwenda raundi zote 12 na Holyfield akashindwa kwa heshima. Mwaka 1993 Tommy Morrison alimshinda kwa pointi. Usiku ule wa Moorer alivaa bukta nyekundu ile ile aliyoivaa Kinshasa. Kwenye kona yake alikaa Angelo Dundee, ambaye miaka 20 nyuma alikuwa kona ya Ali.

Kwa raundi tisa Moorer, bondia wa mkono wa kushoto, alimpiga mzee anavyotaka. Majaji wote watatu walikuwa wamempa yeye. Lakini tazama miguu yake: alibaki mbele ya Foreman. Hakuzunguka. Alikuwa anashinda kwa kusimama, na anayeshinda kwa kusimama hapendi kuhama. Raundi ya kumi Foreman akatanguliza konde jepesi, akafuatisha la mkono wa kulia, fupi, lisilo na mbwembwe, kidevuni. Moorer akalala chali akahesabiwa hadi kumi. Foreman akapiga magoti kwenye kona kuomba.

Aliyemaliza pambano hakuwa na kasi, hakuwa na miguu. Alikuwa na konde, na alikuwa na raundi tisa za kumsoma mtu.

Kama kipigo hakifuti ushindi, mbona Moorer anakumbukwa kwa konde hilo tu?

Hilo ni swali la haki, na linanisumbua. Mnamo Juni 1996 Moorer alikwenda Ujerumani akamshinda Axel Schulz na kuupata tena mkanda wa IBF. Schulz huyo ndiye ambaye watu wengi waliamini alimshinda Foreman mwaka 1995 ingawa majaji walimpa Foreman. IBF ikaamuru wakutane tena, Foreman akaona bora auache mkanda. Yaani Moorer alirudi akachukua kilicho chake, kwa njia ngumu, ugenini. Alitetea mkanda huo mara mbili kabla ya Holyfield kumwangusha mara tano, Novemba 1997.

Nani anayeyakumbuka hayo? Wachache. Nadhani ni kwa sababu Moorer hakuwa na hadithi yake mwenyewe kabla ya usiku ule. Foreman alipoanguka Kinshasa, nyuma yake kulikuwa na Frazier akidunda chini mara sita. Moorer nyuma yake alikuwa na ushindi mwembamba dhidi ya Holyfield ambaye baada ya pambano madaktari walisema moyo wake una tatizo, hivyo hata ushindi huo ukapigwa panga. Mwenye akiba kubwa akiibiwa hulala njaa siku moja. Mwenye akiba ndogo hulala njaa mwaka.

Na pia dunia ilimpenda mzee. Kijana anayempiga babu wa watu hapewi maua, na babu akishinda kijana anageuka kuwa picha ukutani kwa mwenzake. Foreman alifariki Machi 2025 akiwa na miaka 76, na picha iliyozunguka sana ilikuwa ile ya 1994, Moorer akiwa sakafuni. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Basi si bora bingwa akatae kupigana na wazee?

Wengine wamekataa. Mtego wenyewe ni kwamba hata ukishinda huvuni kitu. Larry Holmes alimpiga Ali Oktoba 1980, Ali akiwa na miaka 38, raundi kumi za upande mmoja hadi Dundee akalisimamisha. Holmes alikuwa bingwa mzuri sana, mwenye jabu bora kuliko nyingi zilizowahi kuonekana kwenye uzito wa juu, lakini watu walimchukia kwa usiku ule kana kwamba ni yeye aliyemlazimisha Ali arudi. Rocky Marciano alimwangusha Joe Louis aliyekuwa ameshazeeka, mwaka 1951, na inasemwa alilia chumbani mwake.

Ukimpiga mzee umempiga mzee. Ukipigwa na mzee umepigwa na mzee. Promota anapata fedha kote kuwili.

Na watoto wa Kongo? Ilunga Makabu alipigwa na mtu wa miaka 39.

Ndiyo, na pambano hilo lina ukoo mrefu ambao watu wetu hawaujui. Nitaurudisha nyuma.

Mei 2011, Montreal, Bernard Hopkins akiwa na miaka 46 alimshinda Jean Pascal, bingwa wa WBC (shirika jingine la mikanda) wa uzito wa kilo 79, akavunja rekodi ya Foreman ya kuwa bingwa mzee kuliko wote. Kati ya raundi ya sita na ya saba, Pascal akiwa bado kwenye kiti chake, Hopkins alishuka chini akapiga pushapu. Walikuwa wameshatoka sare Desemba 2010, na kwenye sare hiyo Hopkins aliangushwa mara mbili. Kwa hiyo Pascal alijua anapigana na nani, na bado alishindwa.

Je, Pascal aliisha? Agosti 2019, akiwa yeye sasa ndiye mzee, miaka 36, alimwangusha na kumshinda Marcus Browne ambaye hakuwa amewahi kushindwa. Desemba mwaka huo huo akamshinda Badou Jack. Aliyojifunza kwa Hopkins aliyatumia kwa wengine. Na Jack, Msweden ambaye baba yake ni wa Gambia, mtu aliyeonekana amekwisha baada ya Browne na Pascal kumshinda ndani ya mwaka mmoja, akapanda uzito wa kruza, ulio chini ya ule wa juu. Februari 26, 2023, huko Diriyah, Saudi Arabia, akiwa na miaka 39, alimsimamisha Makabu raundi ya 12 na kumnyang'anya mkanda wa WBC.

Makabu ni mtoto wa Kananga, kule Kasai, na Lubumbashi yenye Wakasai wengi ilimchukua kama wake. Januari 31, 2020 alikuwa ameushika mkanda huo nyumbani, Kinshasa, kwa kumshinda Michał Cieślak wa Poland. Desemba mwaka huo akautetea hapo hapo Kinshasa kwa KO dhidi ya Olanrewaju Durodola wa Nigeria. Ulimwengu wa kruza ulimwogopa kwa mkono wake wa kushoto. Jack alifanya nini? Alimnyima nafasi ya kuupiga. Jabu, hatua, jabu, hatua, na kila Makabu aliposimama kupanga konde lake kubwa, mzee hakuwa pale.

Hapo ndipo kipimo changu kinamhukumu Makabu bila huruma: jina lake lilijengwa juu ya woga, kwa hiyo lilipungua sana. Novemba 2023 Noel Mikaelian alimmaliza raundi ya tatu tu. Lakini usiku wa Kinshasa wa 2020 hauguswi na yote hayo. Mkongomani alishinda mkanda wa dunia akiwa Kongo, mbele ya Wakongomani, na Jack hakuuchukua usiku huo.

Kocha unamsahau Kalambay, mtoto wa hapa hapa.

Sijamsahau, nimemweka nyuma kwa makusudi. Sumbu Kalambay alizaliwa Lubumbashi mwaka 1956, mji ukiitwa bado Élisabethville, akahamia Italia na huko wakamwita Patrizio. Kwenye uzito wa kati, mwisho wa miaka ya 1980, alikuwa mmoja wa walio bora duniani. Mei 1987 alimshinda Herol Graham, Mwingereza ambaye hakuna aliyeweza kumgusa. Oktoba 1987, Livorno, alimshinda Iran Barkley kwa pointi na kuwa bingwa wa WBA. Machi 1988 alimpa Mike McCallum kipigo cha kwanza cha maisha yake. Ningekuwa na uwezo, kila kijana anayegusa glavu Lubumbashi angetazama pambano la McCallum kabla ya kufundishwa kurusha konde.

Kalambay hakupigwa na mzee. Machi 1989 alipigwa na kijana, Michael Nunn, konde moja la mkono wa kushoto, sekunde 88. Wamarekani wengi wanalijua konde hilo na hawalijui lingine lolote kumhusu. Ninamtaja hapa ili kuonyesha kwamba umri wa mshindi si kitu kikubwa sana. Namna ya kuanguka ndiyo kubwa. Kushindwa kwa pointi na mzee wa miaka 40 kunasahaulika haraka kuliko kulala chali mbele ya kijana. Na kwa kuwa Kalambay alikuwa fundi, si wa kutisha watu, aliendelea: Aprili 1991 alikutana tena na McCallum huko Monte Carlo, akashindwa kwa majaji kugawanyika tu, na baadaye akamshinda tena Graham.

Sasa mfuate yule Barkley ambaye Kalambay alimpiga. Miezi minane baada ya kushindwa na mtoto wetu, Juni 1988, Barkley alimwangusha Thomas Hearns raundi ya tatu akawa bingwa wa WBC. Halafu Februari 1989, Atlantic City, alipigana na Roberto Durán wa Panama: miaka 37, mapambano zaidi ya 80, mtu aliyechukua ubingwa wake wa kwanza mwaka 1972 kwenye uzito mwepesi, kilo 11 chini. Durán alikuwa mfupi, alikuwa mzee, na wengi walishamwandikia tanzia ya ulingoni. Akamwangusha Barkley raundi ya 11 akashinda kwa majaji kugawanyika. Lilikuwa pambano la kupigana kweli, raundi 12 za jasho.

Barkley alipungua? Mwaka 1992 alikuwa bingwa kwenye uzito mwingine wa juu zaidi, na miezi miwili baadaye kwenye wa tatu, tena kwa kumshinda Hearns mara ya pili. Mimi naona usiku wa Durán ulimwongezea. Leo watu wanaotafuta pambano lile wamtazame Durán wanamkuta na yeye Barkley, akipiga, akipigwa, hakimbii.

Keith Thurman na Pacquiao je?

Julai 2019, Pacquiao miaka 40, Thurman hajawahi kushindwa. Thurman aliangushwa raundi ya kwanza, akasimama, akashindwa kwa majaji kugawanyika. Hakutoa visingizio, na hakuna anayemtania. Kipigo cha kawaida cha bondia mzuri mbele ya bondia mkubwa.

Leon Spinks alimpiga Ali halafu akapigwa na Ali. Huyo vipi?

Februari 1978 alishinda ubingwa wa dunia kwenye pambano lake la nane tu la kulipwa. Septemba, New Orleans, Ali wa miaka 36 akauchukua tena. Spinks hakuwa na muda wa kujenga jina, kwa hiyo hakuna kilichobomoka. Alikuwa bingwa wa Olimpiki wa 1976 na mtu aliyemshinda Ali, na hayo mawili yanatosha kwa maisha ya mtu mmoja.

Mike Tyson na Jake Paul 2024?

Tyson alikuwa na miaka 58, raundi nane za dakika mbili mbili, na hapakuwa na bingwa ulingoni usiku ule. Swali linalofuata.

Sisi watu wa Lubumbashi tunawacheka sana wazee. Ni kwa nini?

Hilo niulizwe mimi? Mji huu ulimshangilia Kidiaba mwaka 2015 alipokuwa golini kwa Leopards, timu yetu ya taifa, akiwa na miaka 39, wakatwaa medali ya shaba ya Afrika kwa penalti. Hakuna aliyesema Mazembe wamleteeni kijana. Lakini bondia akifika 35 tu, kwenye nganda zetu kila mwenye chupa ya bia ya Simba mkononi anataka astaafu. Kwenye mpira uzee unaitwa uzoefu. Kwenye ngumi unaitwa uzee.

Pambano la marudiano linaweza kurudisha jina?

Linaweza, likitolewa. Foreman alilitafuta kwa Ali miaka mingi na hakulipata. Mzee aliyeshinda hana sababu ya kurudi: ameshapata alichotaka, na kila mwezi unaopita unamsogeza karibu zaidi na kipigo. Kwa hiyo bingwa aliyepigwa asikae akisubiri. Foreman kwa Frazier mara ya pili, Moorer kwa Schulz, Barkley kwa Hearns mara ya pili: waliorudisha kitu walikirudisha kwa watu wengine.

Kijana wangu wa klabu ameangushwa kwa KO na bondia wa miaka 38. Mtaani wanamtania. Nifanye nini?

Kwanza kichwa, halafu jina. Aliyepigwa KO asiguse mazoezi ya kupigana: tume nyingi za ngumi humzuia bondia kati ya siku 30 na 90, na kwetu ambako mara nyingi hakuna tume inayofuatilia, kocha ndiye tume. Akiwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, mwanga unamuumiza macho au usingizi umeharibika, mpeleke hospitali, usimpe dawa za mtaani. Kukimbia taratibu na kuruka kamba kunaweza kurudi mapema akiwa hana dalili. Glavu za mwenzake zisimguse kichwani mpaka daktari aseme.

Halafu tazameni video, wewe na yeye, bila watu. Usitazame konde lililomwangusha. Tazama raundi tatu kabla ya hapo: miguu yake ilikuwa wapi, alikuwa anarudi nyuma kwa mstari ulionyooka au kwa pembeni, mzee alikuwa anamwelekeza upande gani wa ulingo. Mara nyingi utakuta konde lile lilianza kupikwa dakika sita kabla ya kupigwa. Na akirudi, usimtafutie mtu mwepesi wa kumfurahisha mtaa. Mtafutie fundi mwingine mwenye umri, raundi sita, uzito ule ule, na mwambie kona yako haitaki KO, inataka jabu.